Umerudishwa Kazini, au Umeajiriwa Upya?

 

Mwezi huu nawasimulia jambo la nyumbani kwangu. Nimemwomba ruhusa mwenzangu, naye kakubali kwa sharti moja tu: nisijifanye mjuzi. Maana katika kisa hiki mjuzi ndiye aliyeharibu. Mimi ndiye mwenye shahada ya mawasiliano, mimi ndiye ninayehariri maneno ya watu kila siku, na mimi ndiye niliyelisoma neno moja la Kiingereza mbio mbio, nikamwambia mume wangu, "Saini bwana, unangoja nini?" Neno hilo lilitugharimu Krismasi moja, likatuchelewesha nyumba, na nusura lituvunjie amani ya ndani.

Barua iliyotulisha kuku

Mume wangu alifanya kazi miaka tisa kwenye kampuni moja ya kusafirisha mizigo hapa Dar es Salaam. Jina tuliache. Juni 2020, corona ilipobana biashara, yeye na wenzake kadhaa wakapunguzwa kazi. Utaratibu ulifuatwa: waliitwa, wakaelezwa, wakalipwa. Kwa sheria yetu, aliyepunguzwa kazi hupata kiinua mgongo cha mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka mzima aliotumika, mwisho miaka 10. Yeye alikuwa na miaka 9, kwa hiyo siku 63, pamoja na notisi na likizo aliyokuwa anadai. Hela ikaingia, tukalipa ada ya mtoto, tukanunua mabati ya nyumba tunayojenga kule Goba, ikaisha.

Ikafuata miezi 14 ambayo mzigo wote wa nyumba ulikuwa kichwani kwangu. Kodi mimi, ada mimi, gesi mimi. Sikulalamika kwa mdomo. Lakini akina dada wenzangu mnajua, kuna kulalamika kwa kuweka sahani mezani kwa kishindo.

Agosti 2021 simu ikalia. Bosi wake wa zamani huyo, anacheka: "Rudi bwana, kiti chako kinakungoja." Kesho yake barua ikaja kwa barua pepe, kwa Kiingereza kama kawaida ya ofisi zetu. Kampuni ilisema inafurahi "to re-engage" mume wangu kuanzia tarehe 1 Septemba.

Yeye akaisoma mara mbili. Akauliza, "Mbona hapa wanasema naanza Septemba mosi? Ile miaka yangu tisa je?" Nami kwa uchovu wangu wa miezi 14 nikamjibu, "Re-engage si ndiyo kukurudisha? Wamekurudisha! Ukianza maswali watampigia mwingine." Akanitazama, akasaini. Jioni tukala kuku wa kuchoma, nikampigia mama mkwe, vigelegele vikasikika kutoka Moshi mpaka sebuleni kwetu.

Desemba ikafika. Jamani, Mchaga na Desemba mnajua! Mume wangu akaomba likizo ya kwenda nyumbani. Dada wa rasilimali watu akamwambia kwa upole kwamba aliye na chini ya miezi 6 kazini hana haki ya likizo ya malipo, tena yeye yuko kwenye kipindi cha majaribio. "Majaribio? Mimi nimefanya kazi hapa miaka tisa!" Dada akajibu, "Ile ilishalipwa, kaka. Kwenye faili wewe ni mpya."

Januari tukaenda benki kuomba mkopo wa kumalizia nyumba. Wakataka barua ya mwajiri inayoonyesha muda wa utumishi. Barua ikaonyesha miezi minne, hajathibitishwa. Wakasema arudi akishathibitishwa.

Njiani hakusema neno. Alipofika nyumbani akakaa kwenye kochi na viatu vyake, akasema, "Mimi niliuliza." Maneno mawili tu, lakini nakuambia nililala macho.

Bi mkubwa alielewa kabla yetu

Aliyenifumbua macho si wakili. Ni jirani yetu mmoja, bi mkubwa wa Tanga, anayetuuzia vitumbua asubuhi. Nilimweleza kisa kizima, akacheka akasema, "Mwanangu, mumeo hakurejewa. Mumeo kaolewa upya."

Nikamwambia sijaelewa. Akanikumbusha mambo ya talaka rejea, ambayo watu wa pwani wanayajua tangu utotoni. Mume akimwacha mke talaka rejea, kisha akamrejea kabla eda haijaisha, ndoa ni ileile. Hakuna kufunga upya, hakuna mahari mapya, miaka inaendelea kuhesabiwa. Lakini eda ikiisha, hata kama mume ni yuleyule na nyumba ni ileile, lazima ifungwe ndoa mpya kwa mahari mapya na kwa ridhaa ya mke. "Sasa mtu akikuambia nataka kukurudia," akasema, "muulize, unanirejea au unanioa?"

Yaani mimi na shahada yangu nilikuwa sijaona kitu ambacho bi mkubwa alikiona akiwa anageuza kitumbua. Kiingereza nacho kina maneno yake ya kumrejea mtu na ya kumwoa upya, ila sisi tukiyasoma kwenye barua tunayatafsiri yote kwa neno moja: kurudi. Nikarudi ofisini nikafungua makamusi na sheria. Hebu tuyapitie pamoja.

"Reinstate": umerudishwa kwenye nafasi yako

Hili ndilo neno zito kuliko yote. Maana yake unarudishwa kwenye nafasi ileile kana kwamba hukuwahi kuondoka. Sheria ya Uingereza ya haki za ajira ya 1996 inasema hivyo hivyo: mwajiri amchukulie mfanyakazi kwa kila hali kama mtu ambaye hakufukuzwa. Sheria ya ajira ya Kenya ya 2007 nayo inatumia maana hiyo. Kwetu Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema mtu akionekana amefukuzwa isivyo haki, anaweza kuamriwa arudishwe kuanzia siku ile aliyoachishwa, bila kupoteza mshahara wa muda aliokaa nje.

Umeona? Kurudishwa kwa aina hii kunatembea kinyumenyume mpaka siku ulipotoka, na lile pengo linazibwa.

Ndilo neno linalokaa vizuri kwa wale watumishi wa umma wenye elimu ya darasa la saba waliotolewa kazini wakati wa uhakiki wa vyeti. Mwaka 2018 serikali iliagiza walioajiriwa kabla ya tarehe 20 Mei 2004 warejeshwe kazini. Waliambiwa warejeshwe, hawakuambiwa waombe kazi.

Hata wakubwa wa dunia linawahusu. Sam Altman wa OpenAI, kampuni iliyoleta ChatGPT, alifukuzwa na bodi yake tarehe 17 Novemba 2023. Wafanyakazi karibu wote wakatishia kuondoka, na katika siku kama tano akawa amerudishwa kwenye ukuu wake. Lakini angalia hapa: kiti chake kwenye bodi hakukipata hadi Machi 2024. Kwa hiyo hata ukiambiwa umerudishwa, hesabu viti vyako vyote, usihesabu kimoja.

"Re-engage": mnafunga upya

Hili ndilo lililotuponza. "Engage" kwa Kiingereza ni kumwajiri mtu, na ni neno lilelile la uchumba. Asili yake ni Kifaransa, ambako "gage" ni rehani, kitu unachoweka kuonyesha kwamba ahadi yako ni ya kweli. Basi "re-engage" ni kuwekeana ahadi upya. Mchumba anaweza kuwa yuleyule, lakini posa ni nyingine na masharti ni mengine.

Sheria yetu ya 2004 inaliweka mbali na lile la kwanza. Mwamuzi anaweza kuamuru urudishwe, au uajiriwe upya kwa masharti atakayoyaona yanafaa, au ulipwe fidia. Hizo ni njia tatu tofauti. Na nje ya mahakama, kwenye barua ya kawaida kama yetu, masharti ni yale yaliyoandikwa humo humo. Barua ilisema Septemba mosi, mshahara fulani, majaribio miezi 6. Sisi tulisoma salamu, hatukusoma masharti.

Nikiri pia jambo moja ambalo hasira ilinizuia kuliona. Kampuni haikutuibia ile miaka tisa. Ilishailipia 2020, siku 63, na mabati yake tunayaona Goba. Kosa la bosi ni kutuambia kwenye simu "kiti chako kinakungoja" huku barua ikizungumzia kiti kipya. Kosa letu ni kuamini simu tukaisahau barua. Na hapo kwenye "letu", nadhani mnajua ni nani hasa.

"Rehire" na "re-employ": mkono mtupu

"Hire" kwa Kiingereza ni kuajiri, lakini pia ni kukodi. Gari linakodiwa, ukumbi wa harusi unakodiwa. "Rehire" ni kumchukua mtu tena, na haliahidi chochote kuhusu jana yako. Kule Marekani, Agosti 1981, Rais Ronald Reagan aliwafukuza waongoza ndege zaidi ya 11,000 waliokuwa wamegoma, akawapiga marufuku kurudi. Rais Bill Clinton aliiondoa marufuku hiyo 1993. Wengi walishangilia, lakini walichopewa ni ruhusa ya kuomba kazi tena. Miaka 12 ilikuwa imepita, na hakuna aliyewaambia mshahara wenu wa siku zote ulikuwa unawangoja.

Waingereza wana msemo mkali zaidi, "fire and rehire". Mwajiri anakufukuza kisha anakuchukua palepale kwa masharti dhaifu. Mwaka 2021 kampuni ya British Gas iliwaachisha kazi mamia ya mafundi waliokataa kusaini mikataba mipya ya namna hiyo. Ni kama mume anayekuacha asubuhi ili akuoe jioni kwa mahari ya nusu bei!

"Re-employ" ni ndugu yake, ila limevaa tai. Utalikuta sana kwenye kanuni na barua za ofisi, na nalo usilisaini kabla ya kuona tarehe.

"Recall", "boomerang" na "returnship"

Haya nitayapita haraka. "Recall" ni kuitwa. Wapenzi wa soka mnalijua, timu ikimwita mchezaji wake aliyekuwa kwa mkopo kwingine. Huyo hajawahi kuacha kuwa wao. Viwandani kule Marekani na Kanada, wafanyakazi waliosimamishwa kwa muda huitwa kwa zamu, mara nyingi mwenye miaka mingi kazini akianza. Ukiitwa namna hii, uhusiano ulikuwa umelala tu, haukufa.

"Boomerang" ni jina la utani la mfanyakazi aliyeondoka kisha akarudi, kama ule mti wa kurusha wa wenyeji wa Australia. Maarufu kuliko wote ni Steve Jobs. Aliondoka Apple 1985, akarudi baada ya Apple kuinunua kampuni yake ya NeXT. Hata yeye hakuingia moja kwa moja kwenye kiti. Alianza kama mshauri, Septemba 1997 akawa mkuu wa muda, na neno "muda" halikuondolewa mpaka Januari 2000. Kumbe hata Jobs alipita kwenye majaribio!

"Returnship" ni neno changa. Benki ya Goldman Sachs ya Marekani ilianza kulitumia 2008 kwa mpango wa kuwapokea watu waliokaa nje ya kazi miaka kadhaa, wengi wao akina mama waliokuwa wakilea. Wanaingia kwa wiki kadhaa za kujinoa, wanalipwa, kisha mwajiri anaamua. Ni mlango mzuri, ila ujue ni mlango wa barazani, haujafika chumbani.

Kabla hujasaini

Sasa, wewe ambaye umepigiwa simu na ofisi yako ya zamani, shangilia kwanza, ni haki yako. Halafu kaa chini na mwenzio, zimeni televisheni, muulizane haya:

1. Barua inahesabu kuanzia tarehe ipi? Hili ndilo swali mama. Tarehe ya zamani, umerudishwa. Tarehe mpya, umeanza upya.
2. Kuna majaribio? Ya muda gani, na yakiwepo, likizo na bima vinaanza lini?
3. Ile miaka ya nyuma ilishalipwa? Kama ndiyo, usiidai mara ya pili. Kama hapana, iandikwe itakavyohesabiwa.
4. Cheo na mshahara ni vilevile, au kiti ndicho kilekile lakini mto wamechukua?
5. Aliyoyasema bosi kwenye simu yameandikwa wapi?

Kuuliza si utovu wa adabu. Andika barua pepe fupi yenye heshima: nashukuru sana, naomba ufafanuzi wa mambo haya mawili matatu. Mwajiri aliyekutafuta mwenyewe hatakuacha kwa sababu umeuliza tarehe.

Na kama uliachishwa kazi na unaona hukutendewa haki, usisubiri kuitwa tena. Lalamiko la kuachishwa kazi isivyo haki hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Wengi hukaa nyumbani wakingoja bosi apoe, siku zinakatika.

Na hapa nyumbani je?

Nilipomaliza kuyachambua maneno haya nilimweleza mume wangu usiku mmoja, nikamwomba na msamaha kwa kumharakisha. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza swali ambalo sikulitegemea. "Kazini najua niko kwenye majaribio. Hapa nyumbani yangu yanaisha lini?"

Nikamwambia sielewi. Akaanza kunihesabia, taratibu, bila kelele. Zamani fundi wa Goba alikuwa anampigia yeye. Alipokaa bila kazi, fundi akaanza kunipigia mimi, na mpaka leo ananipigia mimi. Zamani tulikuwa tunapanga ada pamoja, siku hizi anaona risiti tu. Hata mtoto akitaka kitu anampita baba sebuleni anakuja jikoni. "Mshahara ulirudi Septemba," akasema, "mimi sikurudishwa."

Mpenzi msomaji, nilinyamaza. Kwa sababu ilikuwa kweli. Katika ile miezi 14 nilichukua usukani kwa kuwa ilibidi, na nilichoka, na ninastahili asante yangu. Lakini alipopata kazi sikuurudisha. Nilikuwa namtazama kama yule dada wa rasilimali watu, namngojea athibitike.

Kesho yake nikamwambia fundi, "Kuanzia leo mpigie baba." Nilidhani nimemaliza. Mume wangu akacheka, akasema hapana, hataki kurudishwa kama zamani, kwa sababu zamani mimi sikujua hata bei ya mfuko wa saruji na yeye ndiye aliyekuwa anabeba peke yake. Akasema tuandikiane upya. Basi tukakaa na daftari la mtoto la hesabu, tukagawana: fundi wake, ada yetu sote, akiba yetu sote, LUKU atakayeona imebaki kidogo. Masharti mapya, lakini miaka yetu ya nyuma tukaihesabu yote.

Alithibitishwa kazini Machi 2022. Akaomba pia ile barua ya utumishi wake wa zamani, akaipeleka benki pamoja na mpya, na mkopo tukaupata Agosti mwaka huohuo. Nyumba haijaisha, nyumba za Dar huwa haziishi, lakini tumehamia. Desemba ile ilipofika tulikwenda Moshi, na mama mkwe akapiga vigelegele vilevile. Safari hii mume wangu aliisoma fomu ya likizo mara mbili kabla ya kusaini, nami nilikaa pembeni nikanyamaza.

Je, wewe umewahi kuitwa tena, kazini au kwenye mapenzi? Ulirejewa au ulianza upya? Uliuliza tarehe? Tuandikie, tusome pamoja.

Tukutane mwezi ujao, panapo majaliwa.

Mhariri